Wenyeji na Wageni wa Arua na Koboko

Mtu aliyesimama Koboko yu karibu zaidi na Sudani Kusini na Kongo kuliko alivyo na Kampala. Wakakwa wanaishi katika nchi hizo zote tatu, na Walugbara wako pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kongo. Kwa hiyo aghalabu aliyekimbia huku alikimbilia kwa watu aliowajua.

Vita vya kwanza vya Sudani, vya 1955 hadi 1972, viliwaleta Wasudani wengi Uganda. Kisha zamu ikageuka. Idi Amin alipoangushwa Aprili 1979, raia wa West Nile waliandamwa na kisasi, hasa tangu Oktoba 1980, jeshi jipya lilipochoma vijiji. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa. Umati ukavuka kwenda Yei na Aru. Wako waliobisha hodi kwa wageni wao wa zamani. Si kila mlango uliofunguliwa, maana njaa huchosha hata urafiki. Lakini palipokuwa na rafiki palipatikana mbegu na kipande cha kulima.

Jioni watu walisimuliana. Walugbara wana masimulizi ya mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, waliotoka kaskazini. Jaki anahusishwa na mlima Liru, karibu na Koboko. Mtoto aliyezaliwa ukimbizini aliujua mlima huo kwa masikio kabla ya kuuona kwa macho. Tena alisikia kwamba mababu zake nao walikuwa wahamaji, neno ambalo, kwa maoni yetu, lilimwondolea mkimbizi aibu kuliko msaada wowote wa chakula.

Sisi walimu wa Kiswahili tuna letu la kutafakari. Wengi huko walikisikia Kiswahili kwanza katika amri za askari. Hata hivyo, katika masoko ya mpakani, Kiswahili, sambamba na Kilingala, kilitumika pia kuomba chumvi na kuulizia jamaa waliopotea. Mwanafunzi wa Arua akinyamaza tunapomwambia asimulie, tusiharakishe kusema hajui lugha.

Julai 2016 vita vilizuka tena Sudani Kusini, na mwaka uliofuata wakimbizi wake nchini Uganda walizidi milioni moja. Makazi ya Rhino Camp yalifurika, na Imvepi ikafunguliwa 2017, yote katika ardhi ya wenyeji. Wazee walipoulizwa sababu ya kuitoa, wengi walijibu kwamba hata wao waliwahi kulala Yei.