Kabla hujanunua printa, msikilize kwanza bwana Carlson

Nimekuwa kimya kidogo, chumba cha habari kilinibana. Leo naomba siasa tuiweke kando. Nataka kuandika kuhusu printa. Ndiyo, printa! Usicheke, soma kwanza.

Naishi kwa dada yangu, na nyumba yetu inakula karatasi kama mbuzi. Dada ni mwalimu wa sekondari, kila wiki ana majaribio ya kuandaa. Shemeji ana biashara ndogo ya kusafirisha mizigo, na kila mzigo una hati zake, ankara na nakala za leseni. Watoto watatu wako shuleni, na siku hizi kazi za nyumbani zinakuja kwenye simu ya mzazi, mzazi akazichape. Mimi nina nyaraka zangu za kazi. Tuliwahi kuwa na printa ya wino wa maji. Ikikaa wiki mbili bila kutumika kwenye joto hili la Dar, wino unakauka puani, mistari inaanza kurukwa, na kila ukiisafisha inakunywa wino mwingine. Ikafa. Tukarudi steshenari.

Sasa dada amepokea zamu yake ya upatu, shilingi 650,000. Akaniita: "Mdogo wangu, wewe kazi yako ni kuuliza maswali. Kaulize, tununue mashine moja ya leza, ichape, itoe kopi na iskani. Lakini hela hii ikipotea, hakuna nyingine." Mzigo huo!

Nilianza kama mwandishi yeyote, kwa kuchimba ilikotoka. Na huko nikakuta jibu ambalo muuzaji wa dukani hakunipa.

Twende New York, miaka ya 1930. Kuna kijana anaitwa Chester Carlson, mzaliwa wa Seattle mwaka 1906, aliyekulia katika umaskini. Anafanya kazi kwenye idara ya hataza ya kampuni ya P. R. Mallory. Kila siku zinahitajika nakala za michoro na maelezo, na hazitoshi kamwe. Ukitaka nakala ulikuwa na njia mbili: kuipiga picha, ambayo ni ghali, au kuandika upya kwa mkono au taipureta. Jioni anasomea sheria, hana hela ya vitabu, hivyo anakaa maktaba kunakili kwa mkono. Macho yake hayaoni mbali, na viungo vinamuuma kwa baridi yabisi. Mtu wa namna hiyo lazima atafute njia ya mkato!

Akaanza majaribio jikoni kwake. Wazo lake lilikuwa kutumia umeme tuli, ule unaofanya karatasi ing'ang'anie kitana ulichochania nywele. Kuna vitu ambavyo hubeba chaji vikiwa gizani na kuipoteza vikipigwa na mwanga. Ukipaka kitu hicho kwenye bamba, ukalichaji, kisha ukamulika maandishi juu yake, chaji inabaki pale tu palipokuwa na herufi. Nyunyiza unga, unga unanasa kwenye herufi. Hamishia kwenye karatasi, pasha moto, basi.

Tarehe 22 Oktoba 1938, katika mtaa wa Astoria, Carlson na msaidizi wake Otto Kornei, mwanafizikia aliyekuja kutoka Austria, walifanikiwa. Walitumia bamba la zinki lililopakwa salfa, kipande cha kioo, unga na karatasi ya nta. Nakala ya kwanza ilisomeka "10.-22.-38 ASTORIA". Tarehe na mahali tu, kama tunavyoanza habari gazetini.

Unadhani makampuni yalimkimbilia? Thubutu! Alizunguka kwenye makampuni zaidi ya 20, zikiwemo IBM na Kodak, yote yakamkataa. Mwaka 1944 ndipo taasisi ya Battelle, kule Ohio, ilipokubali kuliendeleza wazo, na mwaka 1947 kampuni ndogo ya karatasi za picha ya Rochester, Haloid, ikajiunga. Jina la teknolojia likachotwa kwenye Kigiriki, maana yake maandishi makavu. Haloid baadaye ikawa Xerox. Mwaka 1959 wakatangaza mashine yao kubwa, Xerox 914, jina lililotokana na karatasi ya inchi 9 kwa 14. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 300, na ilipata joto kiasi kwamba ilikuja na kizima moto chake.

Sasa hapa ndipo pa kusimama, wapendwa. Mashine ilikuwa ghali mno kwa ofisi ya kawaida, kwa hiyo Xerox waliikodisha. Ndani yake waliweka mita. Ulilipa kwa mwezi, kisha ukalipa kwa kila nakala iliyozidi. Ofisi zilizodhani zitatoa nakala chache zikajikuta zinatoa maelfu. Utajiri ukajengwa juu ya ukurasa. Mashine ilikuwa ndoano, ukurasa ndio samaki. Shika hilo, tutalirudia dukani.

Na sisi waandishi tuna deni kwa mashine hiyo. Oktoba 1969, Daniel Ellsberg, mchambuzi aliyekuwa na ripoti ya siri ya Marekani kuhusu vita vya Vietnam, yenye kurasa zipatazo 7,000, alianza kuinakili usiku usiku kwenye mashine ya Xerox katika ofisi ya matangazo ya rafiki yake huko Los Angeles. Hata mwanawe Robert, wa miaka 13, alisaidia. Juni 1971 gazeti la New York Times likaanza kuchapisha habari hizo.

Leza je, iliingiaje? Mhandisi wa Xerox, Gary Starkweather, alijiuliza: badala ya kumulika karatasi iliyokwisha kuandikwa, kwa nini kompyuta isichore moja kwa moja kwa mwali wa leza? Bosi wake hakutaka hata kusikia, wakati ule leza ilikuwa kitu cha maabara na bei yake ya kutisha. Starkweather hakukata tamaa, akahamia kituo cha utafiti cha Xerox kule Palo Alto mwaka 1971, na kabla mwaka huo haujaisha mashine yake ilikuwa inafanya kazi. Lakini IBM ndio waliotangulia sokoni, mwaka 1975, na Xerox 9700 ikafuata mwaka 1977, ikichapa kurasa 120 kwa dakika. Yalikuwa madude ya kujaza chumba, hakuna aliyefikiria kuyaweka sebuleni.

Walioileta nyumbani ni Wajapani wa Canon. Mwaka 1982 walitoa mashine ndogo za kopi zenye katriji ya kubadilisha. Silinda inayobeba chaji, unga na vile vinavyochakaa haraka, vyote vimefungwa kwenye kifurushi kimoja. Ikiisha, unatoa, unaweka nyingine, fundi wa nini? Injini ya Canon ndiyo iliyokaa ndani ya HP LaserJet ya mwaka 1984, iliyouzwa dola 3,495, na ndani ya Apple LaserWriter ya mwaka 1985, iliyouzwa dola 6,995. Mwaka 1989 HP wakatoa LaserJet IIP kwa dola 1,495. Bei ikaendelea kushuka, kisha skana na kopi zikaunganishwa kwenye mwili mmoja, hadi hii tatu kwa moja tunayoiona leo Kariakoo.

Ila angalieni kilichotokea. Katriji ilimwondoa fundi, ikamrudisha yule wa mita! Kampuni haihitaji tena kuhesabu nakala zako, wewe mwenyewe unairudia dukani kila unga unapoisha. Baadaye wakaweka na chipu, ili mashine itambue katriji na kukataa isiyotoka kwao. Vita ikafika mahakamani. Kampuni ya Lexmark iliishitaki Impression Products, kampuni ndogo ya West Virginia iliyokuwa ikiuza katriji zilizojazwa upya. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kuwa ukishauza kitu, haki zako za hataza juu ya kitu hicho zimekwisha, mnunuzi ni mwenyewe. Hata hivyo hukumu haikuzuia watengenezaji kuendelea kuweka chipu.

Basi, na historia hiyo kichwani, nikachukua daftari nikaenda dukani. Kabla ya hapo, kwa mwezi mzima nilihesabu kurasa za nyumbani. Tulichapa kurasa 310 kwa shilingi 200 kila moja, na kutoa kopi 290 kwa shilingi 100. Jumla shilingi 91,000 kwa mwezi. Nilishtuka, dada alishtuka zaidi.

Dukani nikaonyeshwa mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa rahisi, shilingi 450,000. Muuzaji akaisifu sana. Nikamuuliza bei ya katriji yake na inatoa kurasa ngapi. Shilingi 150,000, kurasa 1,000. Piga hesabu: shilingi 150 kwa ukurasa. Ongeza karatasi, rimu ya kurasa 500 kwa shilingi 12,000, yaani shilingi 24. Jumla 174. Zidisha kwa kurasa zetu 600, unapata 104,400 kwa mwezi. Jamani! Tungenunua mashine halafu tuwe tunalipa zaidi ya steshenari.

Ya pili ilikuwa shilingi 600,000. Katriji yake 80,000, kurasa 1,600. Hiyo ni shilingi 50 kwa ukurasa, na karatasi 74. Kwa mwezi 44,400. Tunaokoa 46,600 kila mwezi, na baada ya miezi 13 hivi mashine imejilipa. Ile "ghali" ndiyo rahisi. Bwana Carlson na mita ya 914 wangenielewa.

Mambo mengine niliyoyaokota njiani, nayaweka hapa yamsaidie mwenye kupita njia hiyo.

Idadi ya kurasa kwenye boksi hupimwa kwa kanuni ya kimataifa, ambayo ni sawa na wino kufunika kama asilimia 5 ya ukurasa. Hiyo ni barua fupi. Ukichapa mitihani yenye michoro, unga unaisha mapema. Tena katriji inayokuja ndani ya mashine mpya mara nyingi haijajazwa yote, usishangae ikiisha haraka. Na uliza kama silinda iko ndani ya katriji au inauzwa peke yake, maana iliyotengwa nayo ina siku yake ya kununuliwa.

Rangi tuliiacha. Leza ya rangi ina katriji nne, na gharama ni nne. Halafu kuna hili la kwetu waandishi: mwaka 2005 shirika la EFF la Marekani lilionyesha kuwa baadhi ya printa za leza za rangi huchapa vidoa vya njano visivyoonekana kwa macho, vyenye tarehe, saa na namba ya mashine. Karatasi inaweza kumtaja aliyeichapa!

Skana nayo usiiamini kwa macho yaliyofumba. Mwaka 2013 mtaalamu wa Ujerumani, David Kriesel, aligundua kuwa baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zinabadilisha tarakimu wakati wa kubana faili, 6 ikawa 8. Kampuni ikatoa marekebisho ya programu. Shemeji aliposikia hivyo alinyamaza, akawaza ankara zake. Somo ni kwamba ukiskani hati yenye hesabu, ilinganishe na ya asili.

Umeme pia. Unga wa leza ni plastiki laini sana, na unayeyushwa juu ya karatasi kwa joto la karibu nyuzi 200. Ndiyo maana maandishi ya leza hayatiririki yakimwagikiwa maji. Lakini kupasha joto hilo kunavuta umeme mwingi kwa mpigo, hivyo usiichomeke kwenye ile betri ndogo ya kulindia kompyuta.

Na kama unanunua mtumba wa ofisini, mwambie muuzaji achape ukurasa wa taarifa za mashine. Mara nyingi humo kuna hesabu ya kurasa zote ilizowahi kuchapa. Ni kama kusoma kilomita kwenye dashibodi ya gari.

Tulinunua ile ya pili. Shilingi 50,000 zilizobaki dada alinunua rimu nne, chenji 2,000 akanipa nauli ya daladala. Mtoto mdogo alikuwa wa kwanza kuijaribu, akaweka kiganja kwenye kioo na kutoa kopi ya mkono wake. Nikamweleza habari za mtu aliyeumwa viungo akanakili kwa mkono hadi akachoka, na jikoni alikoanzia. Akaniuliza, "Anko, mama yake hakumgombeza?" Sikuwa na jibu.

Pembeni ya mashine nimefunga daftari kwa kamba. Kila anayechapa anaandika jina, tarehe na idadi ya kurasa. Shemeji analalamika kidogo, lakini anaandika. Safari hii mita ni ya kwetu.