Mawe ya kale ya Iringa na Mbeya

Mawe ya kale ya Nyanda za Juu Kusini ni miamba, mapango na makorongo ambako watu wa Zama za Mawe waliishi, walichonga zana au walizika wafu wao. Anayepanda vilima hivi akitafuta nguzo zilizosimikwa kwa mikono, kama zile 19 za Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana, atachosha miguu bure. Huku nguzo zimejisimamia zenyewe.

Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini kwenye barabara ya Mbeya, ndiyo inayojulikana zaidi. Maji ya mvua yamekula udongo wa ziwa lililokauka zamani, zikabaki nguzo ndefu za mchanga ulioshikamana. Wageni huinua kamera kuzipiga picha, na huku wanakanyaga kilicho muhimu zaidi. Mwaka 1951 mwanafunzi kutoka Afrika Kusini aliokota zana za mawe korongoni humo. Mwaka 1957 F. Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago akaanza kuchimba. Yalitoka mashoka ya mkono kwa wingi, pamoja na mifupa ya aina ya kiboko iliyokwisha kutoweka. Vipimo vya urani vilikadiria umri wa miaka 260,000 hivi. Baadhi ya mashoka hayo ni makubwa mno, hata mtu hujiuliza yalishikwaje.

Mlambalasi, nayo upande wa Iringa, hupata wageni wachache, ila yastahili jasho. Wengi huishia chini, kwenye kaburi la Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyefariki mwaka 1898, wakageuza gari. Mlimani juu yake kuna pango ambalo timu ya Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta ililichimba mwaka 2006 na 2010. Tabaka za juu zina mavi ya chuma ya wafua vyuma. Za chini zina shanga za maganda ya mayai ya mbuni na mifupa ya watu waliozikwa maelfu ya miaka iliyopita.

Upande wa Mbeya jiwe maarufu halikutoka ardhini. Kimondo cha Mbozi, wilaya iliyohamia mkoa mpya wa Songwe mwaka 2016, kina urefu wa mita 3 hivi na sehemu kubwa yake ni chuma. Kilipoandikwa rasmi mwaka 1930, sehemu ya juu tu ndiyo iliyoonekana. Wakachimba pembeni, wakaacha mhimili wa udongo chini yake, kisha wakauimarisha kwa zege. Katika matembezi yote haya, hiyo ndiyo nguzo pekee iliyosimamishwa na binadamu.