Mwenye Macho Haambiwi Tazama

Mwaka 1979 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi huko Mgeta, juu ya milima ya Uluguru, ambako asubuhi ukungu huingia hadi darasani. Elimu ya Msingi kwa Wote ilikuwa imeanza mwaka 1977 na madawati yalikuwa yamejaa. Niliwapanga watoto kwa kimo, wafupi mbele na warefu nyuma, nikaona nimetenda haki.

Nyuma kabisa alikaa mvulana mmoja mrefu wa darasa la tatu. Kila nilipoandika ubaoni, yeye alinakili kutoka daftari la jirani yake. Nilimchapa kwa kosa hilo si mara moja, huku nikimwambia mbele ya wenzake kwamba mwenye macho haambiwi tazama.

Siku moja akaja mjomba wake. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu yake. Nilimwamkia shikamoo, nikampa kiti. Akasema: "Marahaba, mwalimu. Huyu mtoto hunipita njiani kama hanijui. Nilidhani ni kiburi. Lakini nikimwita kwa jina huitika kwa heshima zote. Sasa najiuliza kama ananiona."

Kesho yake nilimhamishia mvulana dawati la mbele. Alitazama ubao, akainama, akaandika. Hakuwa amenieleza lolote kwa sababu hakujua kwamba kuna la kueleza. Mtoto aliyezaliwa na uoni hafifu hudhani watu wote huona hivyo hivyo.

Jambo lililonishinda mimi lilikuwa na dawa yake tangu zamani. Mwaka 1862 daktari Herman Snellen wa Utrecht, Uholanzi, alitoa ubao wake wa herufi zinazopungua ukubwa mstari kwa mstari. Kwa mtoto asiyejua kusoma hutumika alama ya E iliyogeuzwa huku na huku. Husimama mita 6, hufunika jicho moja, kisha huonyesha kwa mkono upande ambao miguu ya E imeelekea. Akishindwa mstari ambao jicho zima huusoma kwa mita 12, apelekwe kwa mtaalamu. Kazi hii huchukua dakika chache, na mwalimu yeyote aweza kuifundishwa. Kupima kila jicho peke yake kuna maana kubwa: jicho moja likiwa dhaifu toka utotoni, ubongo huzoea kulipuuza, na mtoto akishavuka miaka saba au minane huwa vigumu kulirudisha.

Nchini kwetu wasioona kabisa walikumbukwa mapema; shule ya Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950. Kati ya kipofu na mwenye macho mazima alibaki mtoto anayeona kwa shida, ambaye jina alilopewa ni mzembe. Utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza na kuchapishwa mwaka 2000 uliwapima wanafunzi 1,386. Wenye uoni hafifu wa macho yote mawili hawakufika hata mmoja katika 100. Ni wachache, na kwa sababu hiyo ni rahisi kupotea katika darasa lililojaa. Lakini utafiti huo ulionyesha pia kuwa walimu wa kawaida waliweza kuwagundua wengi wao.

Hata hivyo, kugundua si kutibu. Yule mvulana wangu alipimwa baadaye, akaambiwa ashuke Morogoro mjini akatafute miwani. Nauli ilikuwa shida na miwani ilikuwa shida zaidi. Alimaliza darasa la saba bila miwani, akiwa dawati la mbele. Katika shule za sekondari za Dar es Salaam, utafiti wa mwaka 2008 ulilinganisha wanafunzi waliopewa miwani bure na waliopewa cheti tu cha kwenda kununua. Baada ya miezi mitatu, 47 katika kila 100 wa kundi la kwanza walikuwa nayo shuleni. Wa kundi la pili walikuwa 26. Huko Trans Nzoia, Kenya, matokeo ya mwaka 2018 kutoka shule 50 yalikuwa hivi: walimu walipopima kwa simu, na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe, watoto 54 katika 100 walifika hospitali, kwa njia ya zamani ya karatasi walifika 22.

Mwalimu kijana akinitembelea leo, namwomba jambo moja. Januari, kabla hujapanga watoto kwa kimo, pima macho yao. Na yule utakayemgundua, usimwache njiani mpaka uione miwani usoni pake. Mimi nilianza na fimbo, na aliyenifumbua macho alikuwa mjomba wa mtoto.