Fidia ya dhiki baada ya taarifa binafsi kuvuja

Fidia ya dhiki ni malipo anayodai mtu aliyeingiwa na hofu au fadhaa kwa sababu taarifa zake binafsi zimevuja, hata kama hakupoteza senti. Mkazi wa Birmingham hutegemea Sheria ya Ulinzi wa Data ya Uingereza ya 2018, kifungu cha 168, kinachotaja dhiki waziwazi. Mamlaka ya udhibiti ya huko hupokea malalamiko lakini haiamuru fidia. Anayeitaka hufungua madai mahakamani.

Kesi muhimu ni Farley dhidi ya Paymaster, kampuni iliyosimamia pensheni. Mwaka 2019 taarifa za pensheni za polisi wa Sussex zilitumwa kwenye anwani zisizo zao: bahasha moja ilibeba jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya bima ya taifa na mshahara. Agosti 2025 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba mdai halazimiki kuthibitisha kuwa bahasha ilifunguliwa, wala kwamba madhara yalifikia kiwango fulani cha uzito; ila hofu yake iwe na msingi. Ni uamuzi wa haki, maana barua iliyopotea hairudi na ushahidi.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 65, nayo inatambua dhiki.

Ukipokea barua ya kukuarifu kuhusu uvujaji, ihifadhi kama ushahidi.