Shangazi kanunua kompyuta: tumwekee mfumo gani?

Swali hili naulizwa mara kwa mara: "Kaka, mama (au mjomba, au bibi) kapata kompyuta, hajawahi kuigusa. Nimwekee Windows au hiyo Linux yenu?" Nitajibu kwa kisa cha shangazi yangu wa Korogwe.

Shangazi ni mwalimu mstaafu na mweka hazina wa kikoba cha akina mama 25. Alinunua kompyuta mpakato ya mtumba: Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM GB 4. Fundi aliyemuuzia alimwekea Windows 10 ya kuchakachua. Siku moja akapeleka flashi kafe kuchapa orodha ya wanachama. Aliporudi nyumbani, mafaili yote yalikuwa yamegeuka vinjia vya mkato visivyofunguka. Hesabu za miezi minane zilikuwa kwenye flashi hiyo tu! Mkutano ni Jumamosi, na minong'ono ilishaanza: "Hela zetu zimeliwa na kompyuta."

Bahati nzuri kirusi cha aina ile huficha tu mafaili, hakiyafuti. Kama yamekukuta, fungua dirisha la cmd kwenye Windows uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

(Badala ya E weka herufi ya flashi yako.) Mafaili yakionekana, usibofye kile kinjia cha mkato, kifute. Hesabu za shangazi zilirudi, nikakaa naye tuchague mfumo upya.

Kwanza nilimuuliza: "Shangazi, unataka kufanya nini?" Akasema, "Mwanangu, hesabu za kikoba, barua, na kuwaona wajukuu. Basi." Hapo ndipo pa kuanzia, si kwenye mfumo unaoupenda wewe.

WINDOWS. Uzuri wake ni kwamba kila mtaa una mtu anayeijua, na programu nyingi za uhasibu zimetengenezwa kwa ajili yake. Ila Windows 10 ilifikia mwisho wa matunzo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haizimiki, lakini viraka vya usalama vya kawaida vilikoma. Windows 11, iliyotoka 2021, inadai RAM GB 4, diski GB 64, TPM 2.0, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, kwa kawaida ni kizazi cha nane kwenda juu. Ya shangazi haikufika. Kuna watu wanailazimisha, lakini Microsoft hawatoi ahadi ya masasisho kwa mashine kama hiyo. Na ya kuchakachua msimwekee mzazi, jamani. Huwezi kujua aliyeichakachua kaingiza nini humo.

LINUX. Ni ya bure na halali. Ubuntu ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lenyewe maana yake ni utu. Kwa mgeni mimi napenda Linux Mint, kwa sababu menyu iko chini kushoto kama Windows za zamani. Mint 22 ilitoka 2024 na itatunzwa hadi 2029. RAM GB 2 inatosha kuanzia, GB 4 ni raha, na toleo la Xfce ni jepesi zaidi. LibreOffice inafungua mafaili ya Excel na Word, na virusi vya flashi vilivyoandikwa kwa Windows havifanyi kazi humo. Ubaya: baadhi ya printa na modemu husumbua, na mafundi wengi wa mtaani wataiangalia tu. Ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi kabla hujagusa diski: sauti, kamera, wifi, vyote.

CHROMEOS FLEX. Ya Google, ya bure, ilitoka 2022. Inafaa kwa mtu ambaye kazi zake zote ziko kwenye kivinjari. Lakini programu za Play Store haziingii, na bando likikata, mengi yanasimama. Kwa Korogwe niliiacha.

Swali la mwisho ndilo zito: nani atamsaidia wewe ukirudi mjini? Kama jirani anajua Windows tu na mashine ina uwezo, mwekee Windows halali. Usimwachie mtu mfumo mzuri asio na wa kumuuliza.

Kwetu ilishinda Mint Xfce. Nilimfundisha pia kijana wa jirani, yuko kidato cha tatu, naye akaishika kwa jioni mbili. Kwenye skrini nikaacha alama tatu tu: hesabu, barua, na kivinjari cha WhatsApp Web. Hesabu zinahifadhiwa sehemu mbili, kwenye diski na kwenye flashi ambayo haiendi kafe. Ya kafe ni nyingine, ina faili la kuchapa tu.

Jumamosi shangazi aliwasomea wanachama hesabu kwenye skrini, shilingi kwa shilingi. Daftari la karatasi alikuwa nalo mapajani, na hadi leo hajaliacha. Sikumlaumu.

Wewe uliyemwekea mzazi, ulichagua nini na yalikukuta yapi? Tupe maoni hapo chini. Tuko pamoja.