Kasanduku ka Amana

Sanduku ni neno linalodai kukamilishwa. Kuna sanduku la posta, la kura, la nguo. Ukimwagiza seremala sanduku tu, lazima aulize: la kutia nini? Sasa mtu anataka kile chombo kidogo cha mbao, chenye nakshi juu, cha kuwekea shanga za bibi, tasbihi ya babu na barua zilizokwisha kuchanika mikunjoni. Tumwambie fundi achonge sanduku la nini?

Jibu la haraka ni “kisanduku cha kumbukumbu”, nami silipendi. Kumbukumbu imechoshwa na ofisi: kumbukumbu za mkutano, Kumb. Na. juu ya barua ya serikali. Ukumbusho nao unanukia hafla ya kumuaga mwalimu mkuu. Hazina ni ya waziri. Linabaki amana, kitu ulichokabidhiwa ukitunze, na ambacho mwenyewe au mrithi wake atakuja kukidai. Benki zimelichukua, ndiyo, lakini hazijaliharibu.

Mji wa Kasongo, Kongo ya mashariki, una haki ya kusemea jambo hili. Kiswahili kilifika Maniema ya kusini pamoja na misafara ya karne ya 19, iliyopeleka pembe pwani na kurudi na vitambaa na shanga. Mji ukawa makao ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, na jamaa zake, hadi majeshi ya Mfalme Leopold yalipouteka Aprili 1893. Walioshika mwenendo wa pwani waliitwa waungwana, na lugha yao ikaitwa Kingwana. Mahali pa mji ule wa kale panaitwa Tongoni, na tongo ni mahame.

Majina ya chombo hiki na zana zake yametembea kuliko wapagazi. Sanduku ni la Kiarabu. Kasha na bweta tuliachiwa na Wareno. Bawaba kwa Waarabu ni lango. Randa ni ya Kiajemi. Kazi yenyewe lakini haikuagizwa kokote. Kuchonga ni kwetu: kinu, mchi, mtumbwi, mpini wa jembe, vyote vilichongwa kabla ya msafara wa kwanza. Msumeno una meno hadi kwenye jina. Na msasa, kabla haujawa karatasi ya dukani, ni mti. Jani lake hukwaruza kama ulimi wa paka. Fundi hulipitisha juu ya ubao akifuata nyuzi za mti, si kuzikata, mpaka alama za patasi zipotee pembezoni mwa ua alilochonga. Karatasi ilipokuja ikarithi jina la jani.

Tena amana haidai mbao. Walega wa Pangi, kaskazini ya Kasongo, waliweka sanamu ndogo za pembe za chama cha Bwami katika vikapu na mikoba. Mwenye daraja alikuwa mlinzi wa vitu vile, na alipokufa vilipita kwa wengine. Serikali ya Kibelgiji ilikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948, na sanamu nyingi leo zimo kwenye makabati ya vioo ya Ulaya. Huko zinaitwa mkusanyo, na maana ya amana imepotea njiani.

Limebaki suala la udogo. Kiswahili sanifu kinataka kisanduku. Kongo ya mashariki hupunguza kwa ka- na tu-: kasanduku, tusanduku; ki- huko huweza kukuza kitu badala ya kukipunguza, na fundi akakuletea dude la kubebwa na watu wawili. Mhariri wa Dar es Salaam atakuwa na kalamu nyekundu mkononi. Aiweke chini. Agizo la Kasongo liandikwe hivi: kasanduku ka amana, ka mvule iliyokaushwa kivulini, nakshi kwenye kifuniko peke yake, na kitasa chenye funguo mbili.