Kicheko Mbele ya Madhabahu: Tartuffe ya Molière na Uhalali wa Ramsa Inayowadhihaki Viongozi wa Dini

Swali la iwapo mtunzi ana haki ya kuwachekesha watu kwa kuwadhihaki viongozi wa dini huzuka kila mara mchezo fulani unapowaudhi waumini, na aghalabu hujibiwa kwa haraka. Wapo wanaoshikilia kwamba dini ni jambo takatifu na kwa hivyo haichezewi. Wapo pia wanaoshikilia kwamba sanaa haina mipaka, na asiyependa na asihudhurie. Ingawa majibu haya yanapingana, yana kasoro moja: yote mawili hulichukulia neno 'dini' kana kwamba imani, ibada, kiongozi na mfuasi ni kitu kimoja. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kuirejelea historia ya ramsa moja iliyopigwa marufuku mara mbili, kwamba swali lenyewe halina budi kuulizwa upya. Tunapaswa kuuliza ni nani anayechekwa, anachekwa kwa kipimo gani, na ni nani mwenye mamlaka ya kukizima kicheko hicho.

Yafaa tuanze kwa kukumbusha kwamba dhihaka si mgeni katika maandiko matakatifu yenyewe. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, nabii Eliya anawakejeli makuhani wa Baali kwa kuwahimiza wapaze sauti zaidi, huenda mungu wao yu safarini au amelala. Katika Injili ya Mathayo, Yesu anawachora Mafarisayo kuwa watu wanaochuja mbu katika kinywaji chao kisha wakammeza ngamia. Hiyo ni taswira ya ramsa, na bila shaka waliomsikia walicheka. Kurani kwa upande wake inakataza, katika Surat al-Hujurat, watu kuwadharau watu wengine, huku Surat al-Maun ikiwakemea vikali wale wanaosali ili waonekane. Katika maandiko haya mna tofauti ambayo tutaitegemea hapa chini: kumdharau mtu ni jambo moja, na kuufichua unafiki wake ni jambo jingine. Masimulizi ya Abunuwasi, yaliyopata makao ya kudumu katika fasihi simulizi ya Waswahili, yanaifuata njia hiyohiyo. Kadhi anapofumaniwa na kuaibishwa katika hekaya hizo, hadhira haiondoki ikiidharau sheria. Huondoka ikijua kwamba kadhi huyo hakuifuata.

Ramsa tuliyoichagua ni Tartuffe ya Molière, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa jina Mnafiki katika tafsiri iliyochapishwa Dar es Salaam mwaka 1973. Muhtasari wake ni huu. Orgon, tajiri wa Paris, anampokea nyumbani kwake Tartuffe, maskini anayejifanya mcha Mungu. Anamwahidi bintiye Mariane, anamfukuza mwanawe Damis, anamwandikia mali yake yote na kumkabidhi kasha la nyaraka za siri. Mkewe, Elmire, anamficha Orgon chini ya meza ili asikie kwa masikio yake jinsi 'mtakatifu' huyo anavyomtongoza. Orgon anazinduka, lakini amechelewa: nyumba si yake tena.

Tamthilia hii iliigizwa kwa mara ya kwanza Versailles tarehe 12 Mei 1664, mbele ya Mfalme Louis wa 14, ikiwa na matendo matatu tu. Hata kabla ya siku hiyo, Jumuiya ya Sakramenti Takatifu, chama cha siri cha makasisi na walei wenye vyeo, kilikuwa kimekwisha kujadili jinsi ya kuizuia. Mfalme, ambaye mwenyewe aliifurahia, aliikataza isionyeshwe hadharani. Paroko mmoja wa Paris, Pierre Roullé, aliandika kwamba mtunzi huyo alikuwa shetani aliyevaa mwili wa binadamu na kwamba alistahili kuchomwa moto. Ilipofika tarehe 5 Agosti 1667, Molière alijaribu tena. Alibadilisha jina la tamthilia na la mhusika wake, akampunguzia sura ya ukasisi kwa kumvika mavazi ya muungwana wa mjini na kumtia upanga kiunoni. Hila hiyo haikufaa. Siku iliyofuata, mfalme akiwa vitani Flanders, mkuu wa Mahakama ya Paris, Lamoignon, aliifunga. Na tarehe 11 Agosti askofu mkuu Péréfixe alitangaza kwamba atakayeiigiza, kuisoma au kuisikiliza, hata faraghani, atatengwa na kanisa. Ruhusa ilipatikana tarehe 5 Februari 1669, baada ya takriban miaka mitano ya maombi na barua. Watu walifurika ukumbini.

Katika dibaji aliyoitoa mwaka huohuo wa 1669, Molière anasimulia kisa ambacho, kwa maoni yetu, kina uzito kuliko hoja zake nyingine zote. Siku chache baada ya tamthilia yake kukatazwa, mchezo mwingine ulioitwa Scaramouche Mtawa uliigizwa mbele ya mfalme. Mfalme aliuliza kwa nini watu walioudhiwa sana na tamthilia ya Molière hawakulalamikia huo. Mwana wa mfalme wa ukoo wa Condé akajibu kwamba mchezo wa Scaramouche ulizicheka mbingu na dini, mambo ambayo mabwana hao hawakuyajali. Lakini wa Molière uliwacheka wao wenyewe, na hilo ndilo wasiloweza kulivumilia. Mswahili angesema mkuki kwa nguruwe. Kisa hiki kinatufunza kuipima hasira kabla ya kuipokea kuwa ushahidi. Aghalabu anayepiga kelele kwamba Mungu ametukanwa huwa amejeruhiwa mahali pengine kabisa, yaani katika cheo chake.

Hata hivyo, tusiharakishe kumpa Molière ushindi. Hoja nzito dhidi yake haikutoka kwa paroko Roullé aliyetaka moto, bali kwa Mjesuiti Louis Bourdaloue, mhubiri aliyesifika sana Paris katika zama hizo. Katika hotuba yake kuhusu unafiki, Bourdaloue anasema kwamba ucha Mungu wa kweli na ule wa uongo hufanana kwa nje: wote wawili hupiga magoti, hufunga, hutoa sadaka na kuinamisha macho. Basi mtunzi anapoyafanya matendo hayo yachekwe kwa mnafiki, huwa ameyafanya yachekwe pia kwa mtu mwema. Mwenye dhihaka atamtazama muumini halisi akipiga magoti na kuona Tartuffe. Hoja hii haijachakaa. Kila mwalimu aliyewahi kuona darasa likiangua kicheko kwa sababu tu mhusika amevaa kanzu au kola ya kasisi anajua kwamba hatari aliyoitaja Bourdaloue ni ya kweli.

Jibu la Molière halimo katika dibaji yake tu. Limo katika muundo wa tamthilia. Tartuffe haonekani jukwaani hadi tendo la tatu. Matendo mawili kamili yanatumiwa kumwandaa mtazamaji, ili atakapotokea asiwepo hata mmoja wa kumdhania kuwa mtu wa Mungu. Aidha, mtunzi amemweka Cléante, shemeji yake Orgon, ambaye kazi yake ni kuwatenga kwa maneno wacha Mungu wa kweli na wanaojionyesha. Wahakiki wengi wamemwona Cléante kuwa mhusika baridi. Yumkini ni kweli, lakini bila yeye hoja ya Bourdaloue ingesimama bila kujibiwa. Kutokana na haya tunapata kigezo cha kihakiki, wala si cha kisheria: ramsa inayomcheka kiongozi wa dini huhalalika kwa kiasi ambacho imefanya kazi ya kutenganisha. Ramsa inayoridhika na vazi na lafudhi haijafanya kazi hiyo, nayo huwaumiza wasiohusika.

Jambo la pili ambalo mara nyingi halizingatiwi ni kwamba anayechekwa zaidi katika tamthilia hii si Tartuffe. Tartuffe anatutia hofu. Tunayemcheka ni Orgon. Katika tendo la kwanza anarejea kutoka shambani, na mtumishi Dorine anamweleza kwamba mkewe aliugua homa na kichwa. Kila anapoelezwa, Orgon anauliza habari za Tartuffe tu. Naye Tartuffe, tunaambiwa, alikula kware wawili na nusu ya paja la kondoo. Muda mfupi baadaye, Orgon anamwambia Cléante kwa fahari kwamba mafundisho ya mtu huyu yameukomboa moyo wake, kiasi kwamba angewaona ndugu, watoto, mama na mke wakifa na asijali hata kidogo. Hadhira ya mwaka 1669 ilicheka. Ilichokicheka si sala wala saumu, bali mtu aliyemkabidhi mwenzake akili aliyopewa na Mungu.

Tukiihamisha hoja hii hadi kwetu, tamthilia iliyo karibu nayo ni Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, iliyoigizwa kwa Kikikuyu na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kuanzia Oktoba 1977, na ambayo tafsiri yake ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda, ilitoka mwaka 1982. Humo pia dini inatumiwa kumpokonya mtu mali. Tajiri Kĩoi na mkewe Jezebel wanawashawishi Kĩgũũnda na Wangeci wafunge ndoa ya kanisani. Wakulima hao wanaiweka rehani ardhi yao ya ekari moja na nusu ili kugharamia harusi, na mwishowe wanaipoteza. Hati ya ardhi ya Kĩgũũnda ni ndugu wa hati aliyoitia sahihi Orgon. Tofauti ni kwamba Orgon alikuwa tajiri na upumbavu wake ulikuwa wake mwenyewe, ilhali Kĩgũũnda anasukumwa na watu wenye nguvu kumzidi.

Tofauti ya pili inahusu mamlaka. Tartuffe inamalizika kwa ofisa wa mfalme kumtia mbaroni mnafiki na kumrudishia Orgon nyumba yake. Ni mwisho wa kubandikwa, na wengi wameulaumu. Lakini tukiikumbuka miaka ile mitano, tunaona kwamba ndio bei ya ruhusa. Mtunzi alimcheka kiongozi wa dini kwa kujikinga chini ya joho la mfalme. Ngaahika Ndeenda haikuwa na joho la kujikinga, kwa sababu ilimcheka tajiri mshika dini na serikali iliyomlinda kwa pamoja. Kibali chake kilifutwa Novemba 1977, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa kuanzia mwisho wa Desemba 1977 hadi Desemba 1978. Kwa hivyo, tunapouliza iwapo ramsa ya aina hii inakubalika, historia inatujibu kwamba mara nyingi aliyeamua hakuwa muumini wala mhakiki. Aliyeamua ni dola, nayo iliamua kwa maslahi yake.

Haya hayamaanishi kwamba kila kicheko kina uhalali. Kuna kicheko cha mwenye nguvu kinachoshuka juu ya ibada ya mnyonge. Mababu zetu walikifahamu, kwani matambiko yao yalifanywa mzaha na wageni walioandamana na bunduki, na watoto wao wakafunzwa shuleni kuyaonea haya. Kicheko hicho hakikufichua unafiki wowote. Kilichokuwapo mbele yake ni watu walioamini kwa dhati. Vivyo hivyo, katika nchi yenye dini nyingi kama Kenya, mchezo unaowaalika wafuasi wa dini moja waicheke sala ya jirani zao hauna undugu na Tartuffe. Molière aliwacheka watu wa kanisa lake, kwa kipimo ambacho kanisa hilo lenyewe lilikifundisha.

Tukirudi kwa maneno ya Orgon, hatuwezi tena kuyasikia kama yalivyosikika Paris. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, wakiwemo watoto wengi, waliohusishwa na mafundisho ya kufunga hadi kufa ili kumwona Mungu. Msiba huo hauchekwi, na mtunzi atakayejaribu kuufanyia ramsa atakuwa amepotoka. Lakini yafaa tujiulize juu ya miaka iliyoutangulia. Mzazi anayejivunia kwamba mwanawe akifa hatajali alikuwa amekwisha kuchorwa jukwaani mwaka 1664, na akachekwa, ili yeyote aliyeketi ukumbini aone haya kufanana naye. Haya hiyo ndiyo faida ya ramsa. Haiwezi kumzuia Tartuffe asizaliwe, wala haikuwahi kuahidi hivyo. Hujaribu kumfikia Orgon wakati nyumba ingali yake na watoto wangali hai. Jamii inayowakinga viongozi wake wa dini dhidi ya kicheko cha namna hii haijaikinga dini. Imemnyima Orgon ndugu wa kumwambia mapema, tena kwa njia isiyomtoa damu, kwamba anapotea.